Fishi Moja, Mimba Mbili

Kasongo, Jumapili mchana

Yaya Véronique, dada yangu mkubwa mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua utacheka ukiona salamu hii imeandikwa na mtu anayefunga ushungi siku hizi, lakini salamu ya nyumbani haijanitoka mdomoni. Hamjambo wote hapo Nyangwe? Shemeji anaendeleaje na mguu wake? Na ule mtumbwi mpya, umekwisha kuzoea maji au bado mnakunywa nao mto nusu kwa nusu? Nisalimie watoto, hasa yule mdogo aliyeniuma kidole nilipokuwa namuaga. Mimi huku nasimama na kutembea, namshukuru Mungu. Sikuandika kwamba mimi ni mzima kabisa, na mbele utaona kwa nini.

Usishtuke kuona barua inatoka Kasongo na si kwetu Wamaza. Niko hospitalini tangu Jumanne, lakini mgonjwa si mimi. Mgonjwa ni Safia, mke mwenzangu. Ningekupigia simu, ila ungesikia sauti yangu ukaanza kulia kabla sijasema neno, na mimi nataka usikie mambo kwa mpango wake. Atumani, yule anayepeleka chumvi Nyangwe kwa baiskeli, anaondoka kesho asubuhi, ameniahidi atakupa mkononi. Naandika kipande kwa kipande. Nikikaa kwenye benchi kidogo nainuka, nakwenda hadi mlango wa wodi, nachungulia, narudi. Mlinzi amekwisha kuniuliza mara mbili kama nimepoteza kitu.

Nianzie kwenye kadi, maana kila kitu kimeanzia hapo. Mwaka jana ule mfuko wa afya wa serikali, ambao huku watu wanauita mutuele, ulifika Wamaza. Kadi ni moja kwa nyumba: mume, mke mmoja na watoto. Ramazani, mume wetu, alimwandikisha Safia, na ni haki yake, yeye ndiye mke mkubwa na ndoa yake ina karatasi. Alipotaka kuniongeza mimi, wakala wa mfuko, Bwana Radjabu, alimjibu kwa adabu kwamba mke wa pili lazima apate kadi yake mwenyewe, na kadi mpya hulala miezi sita kabla ya kuanza kazi. Ramazani akasema sawa, atarudi. Akaenda kwenye machimbo kuuza sabuni na chumvi yake, na mimba yangu haikumsubiri.

Sasa sikiliza kadi hiyo inalipa nini kwa mwenye mimba. Hailipi mama mmoja mmoja aende apimwe arudi zake. Inalipa kundi. Wanawake kumi na wawili ambao mimba zao zinakaribiana wanakaa duara kwenye mikeka pale kituo cha afya. Wanapimana wenyewe uzito, wanapimana tansio, yaani ile nguvu ya damu, kwa mashine ya kufunga kwenye mkono, na kila mmoja anaandika namba zake kwenye fishi, ile karatasi ngumu ya mimba. Kisha unapita nyuma ya pazia, muuguzi wetu, Mama Viviane, anakupapasa tumbo. Ukirudi mnazungumza, na mwanzoni unaona haya, baadaye hata hutaki kwenda nyumbani. Ukifuata mikutano mpaka mwisho, mfuko unalipa dawa, uzazi, na hata kupasuliwa huku Kasongo ikibidi. Wewe unajua, yaya, mimi na kisu si wageni. Ni wewe uliyeniosha siku ile nilipochelewa kwenye mtumbwi nikapasuliwa, ukanifunga tumbo, ukamfunga na yule mtoto ambaye hakulia kwa kitambaa chako cheupe. Nilijiapia sitazaa tena njiani.

Kumbe tulikuwa na mimba wote wawili. Ya Safia ilitangulia yangu kwa majuma manne hivi. Wewe uliniambia siku naolewa kwamba ukewenza una miiba hata kwenye asali yake, nami nilikuja hapa nimejikaza kama mtu anayengoja kofi. Kofi halikuja. Ni Safia mwenyewe aliyeketi jikoni kwangu akasema, "Kadi iko ya nyumba, haiko ya mutu moja." Alisema yeye ana watoto wanne na hakuna aliyemsumbua, "Mimi nazalaka bila matata," na kwamba tumbo lenye kovu ni hili langu, kwa hiyo mimi ndiye wa kwenda. Nikamwuliza, na jina lililo kwenye kadi? Akasema jina lake niliazime, halitaisha.

Ndivyo nilivyokaa kwenye kundi nikiitwa Safia. Tarehe za mwezi wangu ndizo zilizoandikwa kwenye fishi, na kovu langu likaandikwa. Lakini kadi ina picha, na kila mkutano wa pili Bwana Radjabu alikuja kulinganisha sura na picha. Siku hizo alikwenda Safia mwenyewe. Utaniuliza kama watu hawakuwa na macho. Ramazani ni mtu wa haki, akinunua kitenge ananunua vipande viwili vya rangi moja, na ushungi, na hata ndala. Mwenye macho mabaya angetuchanganya. Wenzetu wa kundi hawakutuchanganya hata siku moja. Walikuwa wakinitania kwamba mwezi huu Safia amekonda, mwezi ujao amenenepa, mimba yake inapanda na kushuka kama bei ya mafuta ya mawese. Walicheka na kunyamaza. Mama Viviane naye alikuwa akipenda kusema mficha uchi hazai, akituzungushia macho sote, na nilikuwa nainama kurekebisha ndala.

Kulikuwa na shida moja tu, mwandiko. Safia aliishia darasa la pili, na mimi mwandiko wangu unaujua, masista waliusifu. Fishi haikuweza kuwa na miandiko miwili. Kwa hiyo siku zake Safia alikuwa akiandika namba zake kwenye kiganja kwa kalamu ya buluu, anakuja nyumbani, ananinyoshea mkono, mimi ndiye naandika. Tena ananifundisha yote waliyofundishwa, kitu kwa kitu, hajawahi kuruka. Mimi siku zangu nilikuwa nikirudi nimechoka, namwambia ilikuwa kama kawaida.

Jumatatu iliyopita Safia aliamka kichwa kinampasua. Uso ulikuwa umevimba mpaka nilimwona kama dada yake mkubwa. Alisema anaona nzi weusi mbele ya macho, akawa anawafukuza kwa mkono na hakukuwa na nzi. Nikampeleka kituoni. Mama Viviane akamfunga ile mashine, akaifungua, akamfunga tena mkono wa pili. Kisha akachukua fishi, akaisoma juu mpaka chini, akaniangalia mimi.  Alisema tu pikipiki itafutwe, tufike Kasongo kesho. Jumanne alfajiri tukamweka Safia katikati, mimi nyuma na tumbo langu hili, nikamfunga nami kwa kitenge kimoja asianguke. Sitaki kukueleza ile barabara. Kila shimo alikuwa akiniomba msamaha, eti ananiumiza mtoto.

Hapa hospitalini daktari alimpima tansio akakuta kumi na saba juu ya kumi na moja, imepanda mno. Ni kijana mpole, anasema taratibu. Akasoma fishi. Akashangaa, maana kwenye fishi tansio ni nzuri miezi yote. Akatueleza kwamba dawa ya ugonjwa huu ni mtoto kutoka, lakini kwa tarehe hizi mimba ina miezi saba na nusu tu, mtoto hajaiva. Tumbo aliliona kubwa kidogo, na mashine ya picha ilikuwa imepelekwa kutengenezwa. Kwa hiyo angempa dawa, angemchoma sindano za kuivisha mapafu ya mtoto, na angengoja siku kadhaa akimwangalia. Halafu akainama akamwuliza Safia mwenyewe, mama, mwezi wako wa mwisho uliuona lini?

Yaya, Safia alimjibu tarehe yangu.

Alikuwa haoni vizuri, ameshika kichwa kwa mikono miwili, na bado aliitaja tarehe yangu barabara, siku na mwezi, kama tulivyokuwa tukijifunza jikoni. Mimi nilisimama pale, nimeshika kikapu. Nilijua mimba yake imeingia mwezi wa tisa. Nilijua mtoto ameiva zamani na hakuna cha kungoja. Nilikuwa na neno moja tu la kusema na sikulisema. Niliona ile kadi ikichanwa. Nilijiona mimi, majuma machache mbele, nimelala kwenye mtumbwi kama siku ile. Nikajiambia daktari amesoma, dawa zipo, siku kadhaa si nyingi. Nikaenda kisimani kuchota maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Jumatano nzima nilitembea. Nilihesabu milango ya hospitali, nilifua nguo safi. Mara mbili nilifika kwenye mlango wa daktari na mara mbili nilimwuliza choo kiko wapi. Alhamisi saa nne asubuhi nilikuwa namlisha Safia uji, akakaza macho juu, kijiko kikabaki kati ya meno yake, mwili wote ukaanza kumtikisika. Degedege la mtu mzima sijawahi kuliona na sitaki kuliona tena. Nilipiga zile kelele ambazo sikuzipiga kwa daktari. Walipokuja mbio na sindano, nilimshika daktari koti, nikamwambia: hiyo fishi ni yangu, tarehe ni zangu, mimi ndiye wa miezi saba na nusu, huyu yuko mwezi wa tisa. Aliniangalia tumboni, akaangalia fishi. Hakunigombeza. Aliniambia nimwachie koti, wanampeleka kupasuliwa, na wangempeleka hata bila maneno yangu kwa sababu ya degedege. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Neno langu lilikuwa na thamani Jumanne.

Mtoto ametoka mzima, wa kike, ana sauti ya muuza samaki. Anangoja baba yake ampe jina, Ramazani yuko njiani. Safia alilala siku moja na nusu. Jana amefungua macho, lakini anaona mwanga na vivuli tu. Daktari anasema ni ule ugonjwa, na kwa wengi macho hurudi baada ya siku chache. Kwa wengi. Nimelirudia neno hilo tangu jana mpaka limekosa ladha.

Bwana Radjabu amekuja jana pia, kwa kuwa hospitali ilibidi imwarifu. Sikutaka kumchukia, na hakunipa nafasi ya kumchukia. Alikaa kwenye benchi hii hii, akasema sheria si yake, kadi na fishi anazichukua, kamati itakaa wiki ijayo kuamua kama mfuko utalipa kupasuliwa kwa Safia. Kuhusu mimi alisema hana fishi yenye jina langu, kwa hiyo kwa mfuko mimi sina mimba. Alilisema kwa huruma, akaangalia pembeni. Mama Viviane amepiga simu kwamba wale wanawake kumi na mmoja wa kundi wamekwenda wote kukaa mbele ya ofisi ya Bwana Radjabu na mikeka yao, wanataka wake wote wa nyumba wahesabiwe, na hawajainuka. Aliniambia pia kwamba sura zetu alizijua tangu mkutano wa tatu. Alifikiri tunagawana mafundisho, akaona si dhambi. Hakufikiri kwamba tunagawana namba. Akakata simu bila kuniaga.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu mstari wa kwanza. Hayo yote niliyoandika, daktari anayajua, Radjabu anayajua. Hili hakuna anayelijua.

Majuma matano yaliyopita ilikuwa zamu ya Safia kwenda. Siku hiyo Mama Viviane alikuwa ameitwa kwa mama anayezaa, msaidizi ndiye aliyeongoza, akawaambia kila mtu aandike namba zake, muuguzi atazisoma mkutano ujao. Safia akarudi, akaninyoshea kiganja kama kawaida. Jasho lilikuwa limefuta kidogo, lakini ilisomeka: kumi na tano juu ya kumi. Nami nilijua maana yake, usidhani sikujua. Mkutano uliotangulia huo, ambao ulikuwa wangu, tulifundishwa kwamba kumi na nne kwenda juu mtu asikae nyumbani. Hilo ni mojawapo ya yale niliyomwambia Safia kwamba yalikuwa kama kawaida.

Nilishika kalamu. Nikafikiri: fishi hii ni yangu na tansio hii si yangu. Nikiiandika, watampeleka Kasongo yeye, kadi itatumika kwake, na mimi nitabaki na kovu langu. Nikaandika kumi na mbili juu ya nane. Mwandiko ulitoka mzuri sana. Safia akaniuliza kama namba ile ni mbaya, kwa sababu mwanamke aliyempima alimwangalia vibaya. Nikamwambia ni uchovu wa kutembea na jua. Akasema basi sawa, akaenda kunawa mkono. Nilimwona akisugua kiganja kwa sabuni, na namba ikaondoka na maji.

Mkutano uliofuata nilikwenda mimi, Mama Viviane akaisoma ile kumi na mbili, akasema vizuri, Safia, endelea hivyo hivyo. Na yaya, mimi nilifurahi kusifiwa.

Sikuombi uniambie kwamba nilikuwa na woga. Najua nilikuwa na woga. Naomba uje. Hata kama utanichapa, uje, kwa sababu sijui nitamwambiaje, na siwezi kuendelea kumlisha uji kwa mkono huu huu. Nisalimie shemeji, nisalimie majirani wa upande wa mtoni, mwambie Mama Chimène kwamba ile sufuria yake nitairudisha. Mungu awalinde mpaka tuonane uso kwa uso.

Jumapili jioni

Yaya, nilikuwa nimekwisha kuikunja barua, nikaifungua tena. Nilipoingia wodini Safia aliniuliza naandika nini tangu mchana, maana anasikia benchi likilia. Nikasema namwandikia yaya wangu. Akasema, "Nisomee basi, mimi siwezi hata kuona ukuta." Nilidhani nitamsomea salamu tu na habari za mtumbwi. Nilianza, nikashindwa kuacha. Nilimsomea yote, mpaka sabuni, mpaka kusifiwa.

 Aligeuza uso ukutani, ule ukuta asiouona. Mtoto akalia, nikamwekea kifuani, akamnyonyesha mpaka akalala, na muda huo wote nilikuwa nimesimama kwa sababu sikujua kama bado naruhusiwa kukaa. Kisha akaniuliza kama mashine ya tansio ya wodi iko karibu. Nikasema iko kwenye meza. Akasema, "Lete. Na mukono wako ulete."

Nilipiga magoti pembeni ya kitanda. Akapapasa mkono wangu mpaka akaupata, akanifunga ule mkanda kama tunavyofungana kwenye mkeka, vidole viwili juu ya kiwiko, akapapasa kitufe akakibonyeza. Mkanda ukajaa, ukabana, ukalegea. Sijui kama amenisamehe, yaya, hakusema, nami sikumwuliza. Aliniuliza neno moja tu, macho yake yakitazama mahali ambapo sikuwapo:

"Inasema ngapi?"

Niliiangalia. Nikaiangalia tena. Na hapo kulikuwa na mimi peke yangu wa kuisoma.

Nikamwambia ilivyo: kumi na nne juu ya tisa.

Akamwita muuguzi wa wodi kwa sauti kubwa, akamwambia kuna mwanamke mwingine hapa mwenye mimba, apewe fishi. Na mimi akaniambia, "Andika. Na uandike jina lako."

Ndugu yako anayekungoja,

Aimée